Betri inachungwa, Wi-Fi inakatika: namna ya kushika rezo mpaka orodha ifike



Mara hii hatutaongea juu ya mbegu wala juu ya magonjwa ya muhogo. Tutaongea juu ya kompyuta ya koperative, ile tunaita mashini, na juu ya Wi-Fi yake inayokatika wakati mashini inachunga betri. Mtu anaweza kusema: hiyo si kazi ya agronome. Hata sisi tulisema hivyo, mpaka siku mpunga ulibaki depo kwa sababu ya kifuniko cha mashini.

Ilikuwa wakati wa mavuno. Koperative moja ya ng'ambo ya Lubunga, tuliyokuwa tunaisaidia, ilikuwa na mnunuzi mjini Kisangani. Yeye alikuwa anapakia balenieri ya kuteremka mto mpaka Kinshasa, safari ya kilometa zaidi ya 1,700. Alituomba jambo moja tu kabla ya saa kumi ya jioni: orodha ya mifuko, kilo, na unyevu wa mpunga, ili ajue nafasi gani atuwekee ndani ya mashua.

Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Mashini ilikuwa inafanya kazi kwa betri, na rezo ilikuwa inatoka kwenye simu ya mweka hazina. Tuliandika barua-pepe, tukaunganisha orodha na picha za daftari, tukafinya "Envoyer". Alama ikaanza kuzunguka. Betri ilikuwa imebaki asilimia 31. Kwa kuichunga, mmoja wetu akafunga kifuniko, akatia mashini ndani ya mfuko, na tukashuka kwenye pirogi kuvuka mto. Kila mtu alijua orodha imeenda.

Kumbe haikuenda. Asubuhi tulipofungua mashini, barua ilikuwa bado ndani ya "Boîte d'envoi", na balenieri ilikuwa imekwisha kuondoka na mpunga wa watu wengine. Mama Prezida wa koperative alituuliza swali moja tu: "Sasa, bwana agronome, mlifinya ao hamkufinya?"

Tulifinya, mama. Lakini tulifunga kifuniko kabla kazi haijaisha. Mifuko ikabaki depo ikingojea mashua ingine. Sehemu ya mpunga ule haikuwa imekauka vizuri, na ninyi munajua: mpunga unaopita asilimia 14 ya unyevu, ukipangwa mfuko juu ya mfuko, unapata joto, kisha ukungu. Mingine tuliiuza kwa bei ya chini. Kosa halikuwa la rezo wala la mnunuzi. Lilikuwa letu, na lilitoka kwa kutojua namna mashini inavyochunga betri.

Mashini inalala namna gani

Mashini ikiona haina umeme wa ukutani, inaanza kupunguza matumizi. Haifanyi hivyo mara moja. Inapita hatua nne.

Hatua ya kwanza ni kioo. Kinapunguza mwanga, kisha kinazimika. Hapa Wi-Fi ingali inafanya kazi, na barua yako inaendelea kwenda.

Hatua ya pili ni kadi ya Wi-Fi yenyewe. Kadi ni kile kipande kidogo ndani ya mashini kinachoongea na simu ao na boksi la intaneti. Ikiambiwa kuchunga betri, inaanza kusinzia kidogo kidogo.

Hatua ya tatu ni ile ambayo Windows ya kifaransa inaita "Veille". Ndiyo usingizi wenyewe. Kwenye mashini nyingi za zamani, mambo yote yanasimama, isipokuwa kumbukumbu ya kazi uliyoacha wazi. Wi-Fi inakatwa. Ukifunga kifuniko, kwa kawaida mashini inakwenda hapa moja kwa moja.

Hatua ya nne ni "Veille prolongée". Mashini inaandika kazi yako kwenye diski na inazimika kabisa. Haikuli betri tena, lakini haiongei na mtu.

Sisi siku ile tuliruka kutoka kuandika mpaka hatua ya tatu kwa kufunga kifuniko tu. Barua ilikuwa katikati ya njia, na njia ikakatwa.

Juu ya hatua ya pili inafaa tuongeze maneno, kwa sababu ndiyo inasumbua watu bila wao kujua. Fikirieni sentinele wa depo usiku. Hawezi kusimama macho wazi saa zote, basi anasinzia na kuamka, anasinzia na kuamka. Kadi ya Wi-Fi inafanya vilevile. Boksi la Wi-Fi, ao simu inayogawa rezo, inatoa mlio mdogo wa redio karibu mara kumi kwa kila sekunde. Mlio ule unasema: niko hapa, na kuko ujumbe wa fulani. Kadi inayochunga betri inalala katikati ya milio, inaamka kusikiliza, inachukua ujumbe wake, inalala tena. Mpango huu haukuja jana. Uko ndani ya kanuni ya kwanza ya Wi-Fi, ya mwaka 1997.

Rezo ikiwa na nguvu, sentinele anaamka kwa wakati na hamutaona taabu. Lakini ikiwa simu iko chumba kingine, nyuma ya ukuta wa matofali, ao ikiwa simu nayo inachunga betri yake, kadi inakosa milio. Kwanza rezo inakuwa polepole. Kisha inakatika.

Kwenye mashini nyingi, kadi inaachiwa nguvu zote wakati chajeri iko ukutani, na inaambiwa kusinzia wakati iko kwa betri. Ndiyo maana mtu anasema: "Wi-Fi ya ofisi iko nzuri, ila siku ya delestaje inakuwa na wazimu." Haina wazimu. Inatii amri aliyoikuta ndani ya mashini tangu kiwandani.

Je, Wi-Fi inakula betri kiasi gani?

Hapa tufanye hesabu kama tunavyofanya kwa mbolea: uone kwanza unaokoa nini.

Tuchukue betri ya wati-saa 40, ambayo ni ya kawaida kwa mashini ndogo. Ikiwa mashini inakula wati 10 kwa kuandika na kutuma barua, betri inadumu saa 4. Kadi ya Wi-Fi inakula karibu wati 1, mara nyingi hata chini ya hiyo. Ukiizima kabisa, mashini inakula wati 9, na betri inadumu saa 4 na dakika 27 hivi. Umepata kama dakika 27, lakini umepoteza rezo.

Sasa uache Wi-Fi, upunguze mwanga wa kioo. Kioo kinachowaka sana kinaweza kula wati 4 ao 5. Ukiokoa wati 2 tu pale, mashini inakula wati 8, na betri inadumu saa 5. Umepata saa nzima, na rezo iko.

Kwa hiyo siku ya kutuma orodha, tukate kwenye kioo, tusikate kwenye Wi-Fi. Mashini yenyewe haiwezi kujua kama orodha yako ina haraka ao haina. Wewe ndiye unajua, na wewe ndiye unapaswa kuiambia.

Namna ya kupanga mashini

Tunaandika majina ya kifaransa kama yanavyoonekana kwenye kioo, kwa sababu mashini nyingi za kwetu ziko na Windows ya kifaransa. Neno moja ao mbili zinaweza kubadilika kufuatana na umri wa mashini. Ikiwa mashini inaomba neno la siri la msimamizi, mumuite yule aliyeiweka.

Kwanza, kifuniko. Fungua "Panneau de configuration", kisha "Options d'alimentation". Upande wa kushoto kuko maneno "Choisir l'action qui suit la fermeture du capot". Finya pale. Utaona safu mbili: "Sur batterie" na "Sur secteur". Mbele ya kifuniko, chini ya "Sur batterie", chagua "Ne rien faire". Usisahau kufinya "Enregistrer les modifications" kabla ya kutoka.

Pili, muda wa kulala. Rudi kwenye "Options d'alimentation". Kando ya mpango unaotumika, finya "Modifier les paramètres du mode". Mashini nyingi zinalala kisha dakika chache tu kama hakuna mtu anayegusa. Weka muda mrefu kidogo kwa betri, mfano dakika 30. Kioo unaweza kukiachia dakika 2 tu, kwa sababu kioo kikizimika barua inaendelea kwenda.

Tatu, kadi ya Wi-Fi. Kwenye ukurasa uleule finya "Modifier les paramètres d'alimentation avancés". Dirisha ndogo litafunguka. Tafuta "Paramètres de la carte sans fil", fungua, na mbele ya "Sur batterie" chagua "Performances maximales". Hapo umemwambia sentinele asisinzie.

Nne, ruhusa ya kuzima kadi. Finya kitufe cha Windows pamoja na herufi X, chagua "Gestionnaire de périphériques", kisha "Cartes réseau". Tafuta jina lenye neno "Wi-Fi" ao "Wireless". Finya kwa upande wa kuume wa panya, chagua "Propriétés", kisha "Gestion de l'alimentation". Pale kuko kisanduku kinachosema "Autoriser l'ordinateur à éteindre ce périphérique pour économiser l'énergie". Ondoa alama, finya "OK".

Kwenye mashini mpya zingine hamutaona sehemu ya tatu ao ya nne. Si kosa lenu. Mashini hizo ziko na usingizi wa namna ingine, ambao unaweza kuachia rezo kidogo hata kifuniko kimefungwa. Lakini kwa betri Windows inaweza kuikata wakati wowote. Basi kwa mashini ya namna hiyo, mpange kifuniko na muda wa kulala, na musiufunge kazi kabla barua haijaenda.

Kisha, kuko jambo lingine linaloitwa "Économiseur de batterie", ao "Économiseur d'énergie" kwenye mashini mpya. Mara nyingi linajiwasha lenyewe betri ikishuka karibu na asilimia 20. Halikati Wi-Fi, lakini linazuia programu zinazofanya kazi nyuma, hata zile za kuchukua na kutuma barua. Ukiwa na asilimia 18 na barua haisogei, angalia pale kwanza kabla ya kulaumu rezo.

Mukimaliza, mujaribu. Ondoa chajeri, tuma barua ndogo, acha mashini dakika 15 bila kuigusa. Ukirudi na Wi-Fi ingali imeshikana, mumefaulu.

Simu nayo inalala

Koperative nyingi za kwetu hazina boksi la intaneti. Rezo inatoka kwenye simu, kwa "Partage de connexion". Basi kupanga mashini peke yake ni kama kukarabati mlango wa mbele na kuacha wa nyuma wazi.

Simu nyingi zinafunga partage zenyewe zikiona kwa dakika fulani hakuna mashini iliyoshikana nazo. Mashini ikisinzia kidogo, simu inafikiri watu wameondoka, inafunga duka. Mashini ikiamka, haikuti kitu. Ingieni kwenye mipangilio ya partage, mutafute sehemu inayosema simu ijizime yenyewe kama haitumiwi, muiondoe. Muondoe pia hali ya kuchunga betri kwenye simu wakati wa kutuma. Na simu iwekwe juu ya meza, karibu na mashini, si ndani ya mfuko wa suruali.

Kama mukiwa na kamba ya USB, iko njia iliyo nzuri zaidi: muunganishe simu na mashini kwa kamba, kisha muchague partage kwa USB. Hapo Wi-Fi haihitajiwi tena, na hakuna redio ya kusinzia kati ya simu na mashini. Ubaya ni mmoja: simu itanyonya betri ya mashini ili kujichaji. Kwa kutuma orodha ya dakika kumi, si kitu. Kwa siku nzima, ni hasara.

Mambo ya kuangalia

Mpango huu si wa kuacha siku zote bila kufikiri. Kuko hatari tatu.

Ya kwanza ni joto. Ukisha kuchagua "Ne rien faire", mashini iliyofungwa haijalala. Ukiitia ndani ya mfuko, inaendelea kufanya kazi, inapata joto, na betri inakwisha. Joto linaharibu betri kwa kuendelea. Mashini ikiingia ndani ya mfuko, iwe imezimwa ao imewekwa "Veille" kwa mkono, kupitia menyu ya Démarrer.

Ya pili ni mega. Wi-Fi ikibaki wazi, Windows inaweza kuanza kuteremsha vitu vyake vya kujisasisha na kumaliza forfait yote ya mwezi usiku mmoja. Muingie kwenye mipangilio ya Wi-Fi ile, muiweke kuwa "connexion limitée". Windows itajizuia kwa sehemu kubwa. Na kazi ikiisha, mufunge partage.

Ya tatu ni betri iliyochoka. Mashini ya miaka mitano inaweza kuonyesha asilimia 30 na kuzimika mbele yako. Kwa betri ya namna hiyo hakuna mpangilio utakaosaidia. Mutume asubuhi, wakati kuna umeme ao paneli ya jua inachaji, musingoje saa kumi ya jioni.

Mpaka useme imefika

Hata mashini ikipangwa vizuri, rezo ya kwetu inaweza kuanguka kwa sababu zingine. Kwa hiyo tunaomba kila koperative ifuate desturi hii siku ya kutuma kitu chenye faida.

Tuma kwanza maneno na hesabu, bila picha. Orodha ya mifuko 60 ni kitu kidogo, inapita hata kwa rezo dhaifu. Picha za daftari zifuate nyuma, katika barua yake.

Usifunge kifuniko mpaka umeiona barua ndani ya "Messages envoyés" ao "Éléments envoyés". Ikiwa ingali ndani ya "Boîte d'envoi", ingali nyumbani kwako. Kufinya "Envoyer" ni kuweka mzigo bandarini, haijawa kuupandisha mashuani.

Kisha tuma SMS yenye hesabu tatu tu: mifuko mingapi, kilo ngapi, unyevu gani. SMS haihitaji intaneti, na inapita mahali ambapo mega hazipiti. Omba mnunuzi ajibu "nimepata". Mpaka jibu lile lifike, karani asiseme mbele ya wanachama kwamba orodha imeenda.

Na daftari libaki. Mashini inasaidia daftari, haiondoi daftari.

Ya kubandika ukutani

Tunawaombea mukate sehemu hii na kuibandika karibu na meza ya karani:

1. Kioo kipunguzwe mwanga. Wi-Fi iachwe na nguvu zote.
2. Kifuniko kwa betri: "Ne rien faire". Muda wa kulala: dakika 30.
3. Simu karibu na mashini, partage isijizime, ao tumia kamba ya USB.
4. Wi-Fi ya simu iwekwe "connexion limitée".
5. Maneno kwanza, picha kisha.
6. Hakuna kufunga kabla ya kuona barua ndani ya zilizotumwa.
7. SMS ya hesabu tatu, na kungoja "nimepata".
8. Kazi ikiisha: funga partage, weka mashini "Veille" ao izime, ndipo iingie mfukoni.

Koperative ile ya Lubunga ilibandika karatasi yake msimu uliofuata. Siku ya kutuma, umeme ulikatika tena, na betri ilikuwa chini kuliko mara ya kwanza. Karani, ambaye ni mama mmoja asiyekuwa amegusa kompyuta kabla ya mwaka ule, alipunguza mwanga wa kioo, akaweka simu juu ya meza, akatuma. Sisi tulikuwa tumeanza kusimama kwenda kwenye pirogi. Akatuambia: "Mukae, bwana agronome. Haijaandika imeenda." Tulikaa. Kisha dakika sita ikaandika.

Mpunga ulipanda mashua ile ya kwanza. Mukiwa na swali juu ya mashini yenu, muandike jina la mashini na umri wake, mumpe animatere wa eneo lenu, tutajibu katika toleo linalofuata.